Jinsi ya kupanga miradi ya mitambo, sheria na fedha ya jumuiya ya waandishi mtandaoni

Kundi la hadithi likishafika watu mia tatu, maswali huanza kufanana. Tununue tovuti au tubaki WhatsApp? Tusajiliwe wapi? Michango iingie kwenye namba ya nani? Mtu akinyakua riwaya nzima, akafuta jina la mwandishi na kuibandika kwenye ukurasa wake, tunamfanyaje? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kufanyia kazi. Ni wa viongozi wa jumuiya za watunzi wa hadithi, washairi na wasimulizi wanaochapisha kwa Kiswahili, hasa Tanzania na Kenya. Wachoraji na wanamuziki wabadili tarakimu za uhifadhi tu. Mengine ni yale yale.

Jambo moja lishikeni tangu mwanzo. Mitambo (yaani tovuti, akaunti na hifadhi zenu), sheria na fedha ni mafiga matatu ya chungu kimoja. Mkihamia kwenye tovuti bila masharti ya matumizi, hamna haki ya wazi ya kuonyesha kazi za watu. Mkichangisha bila akaunti ya jumuiya, fedha ni za mwenye simu. Mkijisajili bila kutenga ada za kila mwaka, usajili unakuwa deni. Kwa hiyo kila mradi, hata ule unaoonekana wa kompyuta tupu, upangwe kwa kuulizwa maswali matatu: unahitaji nini kiufundi, unagusa sheria gani, na nani analipa mwaka wa pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu 5 hadi 7 waliokubali kufanya kazi, waliokubali kwa maandishi. Kati yao awepo mmoja wa mifumo, mmoja wa sheria (si lazima awe wakili, awe anayesoma nyaraka mpaka mwisho), mhazini na katibu.
- Jedwali moja la pamoja mtandaoni ambalo wote wanalifungua, na daftari la karatasi la mhazini.
- Anwani ya barua pepe ya jumuiya, isiyo ya mtu binafsi. Hii ndiyo itakayofungulia kila akaunti nyingine.
- Idadi halisi ya wanachama na ya kazi zilizochapishwa. Hesabuni, msikisie.
- Diski ya nje ya GB 500 au zaidi.
- Miezi mitatu ya subira. Mipango inayoandikwa usiku mmoja baada ya ugomvi kwenye kundi haifiki mbali.

Hatua ya 1: Andikeni funguo zote

Kwenye jedwali orodhesheni kila kitu kinachofunguliwa kwa nenosiri: kundi la WhatsApp, chaneli ya Telegram, ukurasa wa Facebook, jina la kikoa (anwani ya tovuti yenu), seva (kompyuta inayobeba tovuti), barua pepe, namba ya malipo. Kwa kila kimoja jazeni safu nne: kimefunguliwa kwa jina la nani, kwa laini ipi ya simu, nani mwingine anaweza kuingia, na kinaisha lini. Nenosiri lenyewe lisikae kwenye jedwali. Tumieni programu ya kutunzia manenosiri, na wawili wawe na ufunguo wake.

Kanuni ni hii: hakuna kitu kinachofunguliwa na mtu mmoja tu. Laini za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyewe, na Tanzania kwa alama za vidole. Mwenye laini akifariki, akihama nchi au akinuna, kuirudisha ni kazi ya wiki nyingi, na kila akaunti iliyofungwa kwa laini hiyo inabaki naye. Jina la kikoa ndilo baya zaidi. Likisajiliwa kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti, kwa kumbukumbu za msajili mwenye anwani ile ni yeye, hata kama fedha mlitoa nyinyi.

Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti, kwa programu ya kutoa namba, si kwa ujumbe mfupi wa simu. Chapeni namba za dharura kwenye karatasi, watu wawili wakae nazo katika miji miwili.

Hatua ya 2: Hesabuni saa mlizonazo

Jumuiya nyingi hupanga miradi kwa kuangalia fedha, kumbe kinachokosekana ni muda. Piga hesabu hivi: watu 6, kila mmoja saa 3 kwa wiki, wiki 13 za robo mwaka, jumla saa 234. Sasa kata nusu. Kuna mwezi wa Ramadhani, kuna mitihani, kuna msiba, kuna msimu wa kulima, kuna bando lililoisha. Mnabaki na saa 117, na ndizo za kupangia.

Kwa makisio ya kawaida, kuandika masharti ya matumizi na kuyapitisha kwa wanachama hula saa 25 hadi 40. Kuhamisha hadithi 500 kutoka kwenye kundi kwenda kwenye tovuti, kwa dakika 10 kila moja, ni saa 83. Mkiviweka vyote viwili robo moja, ni saa 108 hadi 123: mmekaribia kuzimaliza zote au mmezidi. Chagueni.

Hatua ya 3: Kila mradi na karatasi yake moja

Ukurasa mmoja, usizidi. Uwe na mistari hii:

1. Jina la mradi, kwa maneno ambayo mwanachama wa kawaida anayaelewa.
2. Tatizo linalotatuliwa. Kama hamwezi kulitaja kwa sentensi mbili, mradi haujaiva.
3. Mwenye mradi (mtu mmoja, si kamati) na msaidizi wake.
4. Saa zinazohitajika.
5. Gharama ya kuanzisha na gharama ya kila mwaka, kwenye safu mbili tofauti.
6. Sheria inayoguswa, na nani ameisoma.
7. Dalili ya kumalizika. «Tumeboresha tovuti» si dalili. «Sura inafunguka kwa sekunde 5 kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao wa 3G» ni dalili.
8. Tutaacha nini ili hili lifanyike.

Mstari wa 8 ndio unaorukwa kuliko yote, na ndio unaookoa. Kikao kikishindwa kuujaza, rudisheni karatasi kwa mwenyewe.

Msiwe na miradi zaidi ya mitatu hai kwa wakati mmoja. Organization for Transformative Works ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007 na inayoendesha hifadhi ya hadithi za mashabiki ya Archive of Our Own kwa michango na watu wanaojitolea, ina kamati zake za sheria, za mifumo na za fedha, kila moja na watu wake. Nyinyi hamna watu hao bado. Kamati kumi za watu wawili wawili ni majina tu.

Hatua ya 4: Nakala rudufu iwe mradi wa kwanza

Kabla ya tovuti mpya, nembo, mashindano au tuzo, hakikisheni kazi zilizopo hazipotei. Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009 na kurasa za watu zikaondoka nayo. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa kwa miaka 12 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Hizo zilikuwa kampuni kubwa. Kundi la WhatsApp linabebwa na simu za wanachama, na simu huibiwa.

Tumieni kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila kazi, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa mbali na nyingine. Kwa vitendo: moja kwenye tovuti au hifadhi ya mtandaoni, moja kwenye diski ya nje kwa katibu, moja kwenye diski au kompyuta ya mwanachama wa mji mwingine.

Ukubwa usiwatishe. Neno la Kiswahili pamoja na nafasi yake ni kama herufi 7, hivyo sura ya maneno 1,500 ni takriban KB 10. Sura 10,000 ni MB 100, zinaenea kwenye kadi ya simu. Kinachojaza nafasi ni picha na sauti. Usimulizi uliorekodiwa kwa kbps 64 hula KB 480 kwa dakika, yaani karibu MB 10 kwa dakika 20. Rekodi 500 za namna hiyo ni GB 5, bado si nyingi. Lakini kila moja ikisikilizwa na watu 300, seva inatoa GB 1,500, na hapo ndipo bili inapotoka. Sauti ziwekeni kwenye huduma inayobeba mzigo huo bure, nakala asili zibaki kwenu.

Kwenye WhatsApp, msitegemee kitufe cha kuhamisha mazungumzo peke yake: kina kikomo cha idadi ya ujumbe, na ule wa zamani hukatwa. Waombeni waandishi watume faili zao asili. Majina ya faili nayo yawe na mpangilio mmoja, kwa mfano `jina-la-mwandishi_jina-la-hadithi_sura-03.txt`. Sifuri kabla ya 3 si pambo. Bila hiyo, kompyuta huweza kuweka sura ya 10 kabla ya sura ya 2.

Onyo: nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haihesabiki. Kila miezi mitatu chagueni sura tano bila mpangilio, zirejesheni kutoka kwenye diski, zifungueni, someni mstari wa mwisho wa kila moja. Faili zilizokatika katikati hugunduliwa hivyo tu.

Hatua ya 5: Masharti ya matumizi

Hapa pana vitu vingi, na hapa ndipo jumuiya huvunjika. Nenda polepole.

Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa. Haihitaji kusajiliwa ili iwepo. Kenya na Tanzania zote ziko ndani ya Mkataba wa Berne, na sheria za nchi zote mbili hulinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, huorodhesha kazi, na orodha hiyo husaidia kama ushahidi kukitokea mgogoro. Waambieni wanachama wazi: kutuma hadithi kwenye kundi hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kuichapisha, kuiuza wala kuisoma YouTube.

Jumuiya yenyewe nayo inahitaji ruhusa. Ili kuonyesha hadithi kwenye tovuti, kuihifadhi na kuinakili kwenye diski, mnatakiwa kupewa leseni na mwandishi. Ombeni kidogo kadiri mnavyoweza:

1. Leseni *isiyo ya kipekee*: mwandishi anabaki huru kuipeleka kazi kwa mchapishaji au kwingineko.
2. Ya kuonyesha na kuhifadhi kwenye majukwaa ya jumuiya tu. Kuuza, kutafsiri, kutia sauti au kuweka kwenye kitabu cha pamoja kuombwe kila mara upya, kwa maandishi.
3. Inayoisha mwandishi akiondoa kazi. Semeni pia nakala rudufu zitafutwa baada ya siku ngapi, kwa mfano 90, maana hamwezi kufuta diski ya mji mwingine papo hapo.
4. Tamko la mwandishi kwamba kazi ni yake.

Msiandike kwamba mwandishi «anaipa jumuiya haki zote». Waandishi wazuri watasoma sentensi hiyo na kuondoka, na wana haki. Tena Kenya, kuhamisha haki au kutoa leseni ya kipekee bila maandishi hakuna nguvu kisheria, kwa hiyo kitufe cha «nakubali» kilichobandikwa juu ya sentensi ndefu kinaweza kuwaletea kesi kuliko kuwakinga. Wanaotaka kazi zao zisambae bure watumie leseni za Creative Commons, lakini kila mwandishi achague mwenyewe, na aelezwe kwamba aliyekwisha kupokea nakala kwa leseni hiyo hawezi kunyang'anywa ruhusa baadaye.

Wekeni pia utaratibu wa malalamiko: anwani moja ya barua pepe, fomu yenye kiungo cha kazi inayolalamikiwa na uthibitisho wa umiliki, na muda wa kujibu. Saa 48 zinatosha. Kama seva yenu iko Marekani, mwenye hakimiliki anaweza kuiandikia moja kwa moja kampuni ya seva chini ya DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni, na baadhi ya kampuni hizo hufunga tovuti nzima kwa sura moja. Jumuiya inayojibu haraka hupata nafasi ya kuiondoa sura hiyo peke yake.

Kazi ikiibiwa na mtu wa nje, fuateni mpangilio huu: piga picha ya skrini yenye tarehe na anwani ya ukurasa, toa faili asili yenye tarehe ya zamani zaidi, mwandishi mwenyewe (si msimamizi) ajaze fomu ya hakimiliki ya jukwaa husika. Msimkimbilie mwizi kwa matusi kwenye maoni. Atafuta ukurasa na ushahidi utaondoka naye, kisha atafungua mwingine.

Hatua ya 6: Taarifa za watu na maudhui

Majina, namba za simu na barua pepe za wanachama ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa hizo hutakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria ya mwaka 2019. Kwa kanuni zake, asasi yenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi pungufu ya 10 kwa kawaida haidaiwi usajili wa lazima, isipokuwa kwa shughuli fulani zilizotajwa. Msamaha huo ni wa usajili tu. Wajibu mwingine wote unabaki, ukiwemo wa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu.

Njia rahisi ya kutii ni kukusanya kidogo. Mwandishi anahitaji jina la kalamu, barua pepe na nenosiri. Namba ya kitambulisho, tarehe kamili ya kuzaliwa na picha ya uso havina kazi hapo. Kwa wenye umri chini ya miaka 18, amueni moja: ama hawaruhusiwi kufungua akaunti, ama mzazi anaridhia kwa maandishi. «Tutaona» haipo.

Kuhusu maudhui, Tanzania ina kanuni za maudhui mtandaoni chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Kabla hamjafungua tovuti, andikeni barua TCRA mkieleza mnachochapisha (hadithi za kubuni na mashairi, si habari) na muulize kama leseni inahitajika. Jibu lao la maandishi liingie kwenye faili. Ushauri wa rafiki aliyefungua blogu miaka iliyopita usiutegemee.

Hatua ya 7: Chombo cha kisheria na akaunti ya benki

Chagueni usajili kwa kuangalia mtafanya nini, si kwa kuangalia jina lipi lina hadhi.

- Kenya, kikundi cha watu 10 au zaidi kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kinawafaa wanaotaka akaunti ya benki na michango ya ndani.
- Tanzania, vikundi vya sanaa husajiliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Vyama vya kijamii kwa Msajili wa Jumuiya. Mashirika yasiyo ya kiserikali kwa Msajili wake. Na kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara.
- Mnaotarajia ruzuku kubwa kutoka nje mtahitaji shirika lenye taarifa za fedha zilizokaguliwa. Hiyo ni kazi ya kila mwaka, tena ina gharama. Msiingie kabla ya kuwa na mhazini anayependa kazi hiyo.

Kama hamko tayari, kuna njia ya kati: kuomba taasisi iliyosajiliwa iwe mlezi. Fedha hupita kwake, naye hukata asilimia ya uendeshaji. Andikeni mkataba unaotaja asilimia hiyo, muda wa kutoa fedha baada ya ombi, na nini kitatokea mkitengana. Hasa hilo la mwisho.

Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Wasiwe ndugu. Namba ya malipo ya simu (Paybill au Lipa Namba) ifunguliwe kwa jina la jumuiya na fedha zake zipelekwe benki kila wiki.

Hatua ya 8: Tovuti, sasa

Mmefika hapa mkiwa na nakala, masharti na akaunti. Ndiyo maana tovuti ni hatua ya nane.

1. Nunueni jina la kikoa kwa jina la jumuiya, kwa miaka miwili au mitatu kwa pamoja. Majina ya .tz na ya .ke hununuliwa kupitia wasajili walioidhinishwa.
2. Chukueni seva ya pamoja ya bei ya chini. Kwa maandishi tupu na wasomaji elfu chache kwa siku, inatosha. Msinunue mashine kubwa kwa matumaini.
3. Tumieni programu huria inayojulikana, kwa mfano WordPress. Mfumo uliotungwa na mtu mmoja kuanzia mwanzo utakufa siku atakayopata ajira.
4. Chagueni mwonekano wa tovuti ulio mwepesi. Lengo: ukurasa wa hadithi usizidi KB 500. Maandishi ni KB 10 tu; zinazobaki ni picha za jalada, fonti na vikorombwezo. Msomaji wa Tandahimba au Lodwar analipia kila KB.
5. Hakikisheni cheti cha usalama kinajisasisha chenyewe. Kikiisha, kivinjari huwatolea wasomaji onyo jekundu nao hawarudi.
6. Wekeni rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye kikoa (ndizo zinazothibitisha kwamba barua pepe kweli imetoka kwenu), la sivyo barua za kubadili nenosiri zitaangukia kwenye barua taka.
7. Hamisheni kazi za waandishi watano kwanza. Waacheni wazitumie wiki mbili, kisha ndipo mlete wengine.

Kundi la WhatsApp msilifunge. Lina kikomo cha watu 1,024, lakini ndiko wasomaji waliko. Litumieni kutangaza sura mpya kwa kiungo, na hadithi yenyewe ikae nyumbani kwake.

Hatua ya 9: Bajeti na kuchangisha

Andikeni gharama za mwaka kwa bei mlizoulizia wiki hii: kikoa, seva, ada za usajili, makato ya benki na ya simu, diski, bando la wasimamizi. Ongezeni asilimia 15 ya kupanda kwa bei, hasa kama seva inalipwa kwa dola. Kisha gawanyeni.

Mfano wa hesabu: gharama za mwaka ni shilingi 2,400,000 za Tanzania, wanachama 800. Msifanye 2,400,000 gawanya kwa 800, kwa sababu wote hawatatoa. Kadirieni kwa tahadhari kwamba 5 kati ya kila 100 watachangia. Hao ni watu 40, na kila mmoja anatakiwa kutoa 60,000 kwa mwaka, au 5,000 kwa mwezi. Kama kiasi hicho ni kikubwa kwa watu wenu, punguzeni gharama kabla ya kuanza kuomba.

Changisheni mara mbili kwa mwaka, siku saba kila mara. Kuomba kila siku huwachosha watu, nao huanza kuruka ujumbe wenu hata ule wa hadithi. Tangazo liseme kiasi kinachotakiwa, kinalipia nini, na kimefika ngapi hadi jana jioni. Fedha zikitimia siku ya nne, tangazeni mmefunga. Watu hukumbuka jambo hilo mwaka unaofuata. Wanachama walioko Muscat, London au Toronto wapewe njia yao, lakini ulizeni kwanza kama huduma hiyo inaruhusu *kupokea* fedha katika nchi yenu, si kutuma tu.

Ripoti itoke kila mwezi, hata mwezi ambao hakikutoka hata senti. Mistari minne inatosha: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka na risiti zake, salio la mwisho. Majina ya wachangiaji yasitajwe bila ridhaa yao.

Kuhusu ruzuku: wafadhili huangalia cheti cha usajili, katiba, akaunti yenye jina la asasi na hesabu za nyuma. Fedha huja kwa awamu, na awamu ya pili husubiri ripoti ya kwanza. Basi msilipie seva na kikoa kwa ruzuku. Gharama za kuishi zilipwe na wanachama. Ruzuku ifanye kitu chenye mwisho, kama warsha, mkusanyo au kurekodi wasimulizi wazee. Na mkiamua kuuza chochote kilichotokana na kazi za wanachama, mgawo wa mwandishi uandikwe kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa.

Mambo yakienda kombo

*Mwenye mradi amekaa kimya wiki tatu.* Katibu ampigie simu, asimwandikie kwenye kundi. Mara nyingi kuna jambo nyumbani. Msaidizi achukue mradi siku hiyo hiyo, na tarehe isogezwe mbele wazi.

*Kikoa kimeisha muda.* Lipeni mara moja. Kwa kawaida msajili hutoa muda wa nyongeza kabla ya kuliachia jina. Kisha angalieni jedwali la hatua ya 1: ukumbusho ulikuwa unakwenda kwenye barua pepe ya nani?

*Tovuti imekuwa nzito ghafla.* Kabla ya kununua seva kubwa, soma kumbukumbu za seva. Mara nyingi ni roboti zinazonakili kurasa zote. Ziwekeeni kikomo cha maombi kwa dakika na washeni hifadhi ya muda ya kurasa.

*Wasomaji wanasema hawapati barua ya kuthibitisha akaunti.* Rudi hatua ya 8, kipengele cha 6. Jaribuni kwa anwani tatu za watoa huduma tofauti.

*Waandishi wawili wanadai hadithi moja.* Ondoeni hadithi kwa muda bila kumtuhumu yeyote. Ombeni faili asili, rasimu na ujumbe wa kwanza uliotumwa. Mwenye rasimu zenye makosa yake mwenyewe na majina ya wahusika yaliyobadilika njiani huwa na ushahidi mzito kuliko mwenye nakala safi peke yake. Msipoweza kuamua, semeni hivyo, na waelekezeni COSOTA au KECOBO.

*Mwandishi anataka kazi zake zote ziondolewe leo.* Ondoeni leo. Mwandikieni tarehe ambayo nakala rudufu zitafutwa, na mzifute siku hiyo.

*Mhazini hatoi ripoti.* Miezi miwili mfululizo bila ripoti, watia saini wengine waombe taarifa ya benki moja kwa moja. Wana haki hiyo. Michango isitangazwe tena mpaka hesabu zisomwe.

*Fedha zimeisha mwezi wa tisa.* Lipeni kikoa kwanza, kisha diski ya nakala, seva mwisho. Tovuti ikizimwa miezi mitatu huku kikoa na nakala vikiwa mikononi mwenu, siku ya kuiwasha kila hadithi itarudi kwenye anwani ile ile.